Kimya Baada ya Swali

Kwa miaka minane nimesimamia makarani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliamini kwamba mkubwa wa kazi ni yule ambaye sauti yake husikika hadi ngazini. Nililelewa kwa methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye, nikaingia nayo ofisini kama ilivyo. Kontena likichelewa kutoka bandari ya Kilindini, siku za kuhifadhiwa bila malipo zikapita na mteja akaanza kutozwa ada, nilimtafuta karani aliyehusika nikamkemea mbele ya wenzake, kisha nikarudi mezani nikidhani nimeongoza.

Mwaka jana nilianza kuonana na kocha wa uongozi, yaani mtu anayemsaidia mkubwa wa kazi kujitafakari kwa kumuuliza maswali. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria mpira, na kwa kweli hawako mbali na asili yake. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Kimarekani, alieleza katika miaka ya 1970 jinsi mchezaji anayemiminiwa maagizo anavyokakamaa, ilhali yule anayeelekezwa kuutazama mpira kwa makini, bila kuhukumiwa, hujirekebisha mwenyewe. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, alikuwa miongoni mwa walioupeleka mtazamo huo makazini, pamoja na mpangilio wa maswali ambao makocha wengi huutumia hadi leo: unataka kufika wapi, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, na utafanya lipi.

Sisi watu wa pwani tuna kungwi, tuna somo, tuna nahodha na mabaharia wake, na hao wote humpa mwanagenzi kile wanachokijua. Kocha wangu hakunipa kitu cha namna hiyo. Aliniuliza, akanyamaza. Swali lililonivunja lilikuwa fupi: ni lini mara ya mwisho karani alikuletea kosa lake mwenyewe kabla wewe hujaligundua? Nilitafuta jibu nikalikosa, naye hakuharakisha kuniokoa.

Wiki chache baadaye kijana mmoja, ambaye huvuka Likoni kila asubuhi kuja kazini, aliandika namba isiyo sahihi ya bidhaa katika tamko la forodha, na mzigo ukazuiliwa. Nilimwita pembeni, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mwanangu, nieleze ilivyokuwa." Kisha nikanyamaza, na sijapata kufanya kazi nzito kuliko kimya kile. Hatimaye akasema, "Mama, ile namba niliitilia shaka tangu mwanzo. Niliogopa kukuuliza." Alinikumbusha kwamba aliwahi kuniuliza jambo kama hilo, nami nikamjibu mbele ya wote kwamba mtu mwenye diploma hapaswi kuuliza swali la mtoto. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Nilimwomba radhi.

Huruma hiyo haikufuta gharama ya mteja, wala haikumwondolea kijana wajibu wake. Alirekebisha tamko, akampigia mteja simu mwenyewe, kisha akapendekeza kwamba kila namba yenye shaka ifikishwe mezani kwangu kabla ya saa nane mchana. Utaratibu huo ni wake, na ndiyo maana anaufuata. Sidai kwamba kila jambo linahitaji maswali, kwa maana karatasi ikitakiwa bandarini katika muda wa saa moja natoa amri na watu wanakimbia. Na mtu aliyeelemewa na msiba au maradhi ya nafsi anahitaji mtaalamu mwingine, kama kocha wangu alivyonionya mapema.

Kinachonisumbua ni walioondoka kabla sijabadilika. Mmoja wao, dada aliyekuwa hodari kuliko wote katika kupanga nyaraka, nilikutana naye sokoni Kongowea mwezi uliopita. Alinisalimu kwa adabu, akachukua mfuko wake wa nyanya akaenda zake. Namba yake bado ninayo. Nimekusudia kumpigia Jumamosi hii, nimuulize ilikuwaje kwake kufanya kazi chini yangu, na akianza kusema nisimkatize.