Kumuuzia mtumba mtu asiyeweza kuushika

Wabongo wengi ninaowafahamu hapa Leicester wakianza kuuza nguo mtandaoni hukimbilia kushusha bei. Gauni linawekwa kwa pauni 6, wiki inapita kimya, linashuka hadi 4, halafu 2, na bado halina mwenyewe. Mwisho wanasema Waingereza wagumu. Mimi naona bei haina kosa hapo. Pale soko la mitumba la Karume, Ilala, Dar es Salaam, mteja anaishika nguo kwanza. Anavuta mshono, anageuza kwapa, ananusa, anajipimishia juu ya alichovaa, ndipo anauliza bei ngapi. Mteja wa Vinted, ile programu ya simu ya kuuziana nguo zilizovaliwa, hana hata nafasi moja kati ya hizo. Sasa wewe ndiye umfanyie ule ukaguzi, kisha umwambie ulichokikuta, kizuri na kibaya.

Namba iliyoandikwa kwenye lebo isikupumbaze. Namba 12 ya duka hili inaweza kuwa 10 ya duka lingine, na namba 14 ya miaka ya 1980 ni ndogo kuliko namba 14 ya leo. Tafuta futi ya fundi cherehani, laza nguo mezani bila kuinyoosha kwa nguvu, pima kwapa hadi kwapa, kisha bega hadi pindo. Suruali pima kiuno, na mguu wa ndani kuanzia panapokutana mishono ya mapajani hadi chini. Andika inchi na sentimita zote mbili. Ukishafanya hivyo, yale maswali ya saa sita usiku, "itanitosha?", yanapungua sana, na nguo zinazolalamikiwa zinapungua pia.

Halafu kasoro. Hapa ndipo nabishana na wenzangu kila siku, maana wao husema ukionyesha tundu umejiharibia soko. Kuna sweta la kashmiri la duka la Marks & Spencer nililipata, rangi ya kijani iliyoiva, laini ajabu, ila chini ya kwapa la kushoto nondo wametoboa tundu dogo lenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Nililiinua dirishani hadi mwanga ukapenya kwenye tundu, nikapiga picha. Nikaweka sarafu ya peni moja pembeni yake, nikapiga nyingine, ukubwa uonekane. Maelezo yalikuwa mafupi: tundu moja, kwapa la kushoto, kwingine hakuna kasoro. Mama mmoja akalinunua bila kuomba punguzo, akaniandikia kwamba yeye anajua kutia viraka. Mteja akikuona umetaja lililo baya, anaamini na hayo mazuri uliyoyasema. Isitoshe, pale Vinted fedha haziingii kwako mara tu unapotuma mzigo. Mnunuzi akishapokea ana siku mbili za kulalamika, na tundu ulilolificha atalikuta siku hizohizo.

Zile punje za nyuzi zinazoota kwenye sweta zinyoe kwa kile kimashine kidogo cha betri. Fua, piga pasi, toa vikaratasi mifukoni. Jasho la mtu mwingine halifichiki kwa manukato, usijaribu.

Picha zipigwe mchana, karibu na dirisha, na taa zimezimwa. Taa ya sebuleni hugeuza nyeupe kuwa ya njano na bluu ya kiza kuwa nyeusi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na wengi wetu tunatoka kazini giza limeshaingia, kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya picha, hata kama ungependa kulala. Piga mbele, nyuma, lebo ya shingoni, na ile lebo ndogo ya ubavuni inayotaja kitambaa. Hiyo ya ubavuni wengi wanaisahau, nayo ndiyo inayouza. Mtu anayetafuta kitani, hariri au sufu halisi hanunui kwa kukisia.

Mzigo uanze kabatini kwako. Zikiisha, tembelea maduka ya hisani, yale yanayouza nguo zilizotolewa sadaka, lakini nenda kwenye mitaa ya wenye nacho: kwa sisi wa Leicester ni Oadby, au panda treni hadi Market Harborough. Watu hutoa nguo kwenye duka lililo karibu na nyumbani kwao. Kuna pia masoko ya Jumapili uwanjani, watu wanapouzia kwenye buti za magari, na ukiwahi alfajiri unachagua kabla ya wengine. Macho uliyoyapata Karume yatakusaidia huko. Ukiona lebo ya St Michael, ujue ni nguo ya Marks & Spencer ya kabla ya mwaka 2000 au hapohapo, na wapenzi wa nguo za zamani wanaitafuta. Makoti yaweke sokoni Septemba, usingoje baridi ikukute nayo.

Ila hapa nasimama kidogo, kwa ajili ya wanafunzi hasa. Kuuza nguo zako ulizozivaa ni jambo moja. Kununua ili uuze kwa faida ni biashara, na viza ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri. Usiseme "ni kidogo tu". Pauni chache hazifai kuhatarisha karatasi zako.

Na kodi je? Januari 2024 ilizuka hofu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kwamba serikali imeanza kutoza kodi nguo za zamani. Haikuwa kodi mpya. Kilichobadilika ni kwamba mitandao ya mauzo sasa inapeleka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, taarifa za muuzaji aliyeuza vitu 30 au zaidi kwa mwaka, au aliyepata zaidi ya euro 2,000, kama pauni 1,700. Nguo zako binafsi kwa kawaida hazina kodi. Kwa biashara, mapato ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi yamesamehewa, na hayo ni mapato kabla hujatoa gharama. Weka daftari tu.

Matapeli hawakosi. Mnunuzi akikuomba barua pepe, au akikutumia kiungo "uthibitishe malipo", huyo hataki gauni. Malipo na mazungumzo yabaki humohumo kwenye programu, na risiti ya posta usiitupe hadi hela iingie.

Vinted haimkati muuzaji ada, mnunuzi ndiye analipia ulinzi wake, na tangu Oktoba 2024 eBay ya hapa nayo iliondoa ada za mauzo kwa watu binafsi. Mimi huweka Vinted kwanza, kisha eBay kwa makoti na viatu vya bei.

Yasiyouzika nilikuwa nayapanga kwenye pipa niyasafirishe nyumbani, hadi shangazi yangu wa Moshi aliponikataza. "Mwanangu, makoti ya Ulaya yamejaa soko la Memorial, tena ya kuchagua," alisema. "Nauli ya pipa nitumie kwenye simu."