Mvua ikinyesha usiku

Nimekulia Jangwani, Dar es Salaam, bondeni kwa Mto Msimbazi. Nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, choo kimoja uani. Leo naishi Goba, mlimani kabisa, lakini mvua ikianza usiku naamka kuinua vitu sakafuni. Mwili haujasahau.

Desemba 2011 maji yalifika usawa wa kitanda. Mama mmoja wa chumba cha mbele, aliyekuwa hasemeshani na mama yangu kwa sababu ya hela ya umeme wa LUKU, ndiye aliyenibebea madaftari yangu kichwani hadi barabarani. Yote yalipona!

Mpaka sasa siwezi kupika chakula cha mtu mmoja. Naishi peke yangu, unga napima wa watu wanne. Jirani akibisha hodi, kipo.