Mayai matatu mezani

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha mtaa wetu hapa Arua, Uganda. Viatu bado vina tope.

Ajenda zilikuwa mbili: kuku wa uani, na pesa za kuzibua mtaro. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaruhusu mabaraza kutunga sheria ndogo, na sasa wapo wanaotaka ufugaji wa kuku majumbani upigwe marufuku kabisa. Harufu, wanasema. Jogoo za alfajiri.

Basi akasimama bibi mmoja, jirani yangu.
Akafungua fundo la leso, akatoa mayai matatu, akayapanga mezani mbele ya mwenyekiti, taratibu.

"Haya ndiyo madaftari ya mjukuu wangu."

Kimya.
Yai moja lilikuwa bado limegandwa na kinyoya.

Mabanda yasafishwe, kuku wachanjwe kideri, hayo naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kumnyang'anya bibi yule kuku wake? Hapana.

Mtaro tuliufikia mwishoni, watu wameshaanza kuondoka. Na mvua hiyo inanyesha tena, maji yako mlangoni kwangu.

Ndugu zangu, mitaani kwenu mmekubaliana vipi? Niambieni.