Paa la Mau Summit

"Baba, hii ni ndege ama ni nyumba?" Kitinda mimba wetu alinisogezea simu juzi jioni. Ilikuwa picha ya Fiat Tagliero, stesheni ya petroli ya Asmara, mji mkuu wa Eritrea, iliyochorwa na Mwitaliano Giuseppe Pettazzi mwaka wa 1938: mnara katikati na mabawa mawili ya zege, kila bawa likitokeza mita 15 hewani bila nguzo chini yake. Nikamwambia watu waliweka mafuta hapo. Hakuamini. Stesheni anazozijua yeye ni zile za paa refu la bati na taa nyeupe, zote sura moja kutoka Naivasha hadi Kisumu.

Mimi mawazo yalikuwa yameshafika stesheni ya Mau Summit, kwenye barabara kuu magharibi mwa Nakuru, utotoni, na Mama, ndani ya Peugeot ya abiria tukirudi Nakuru.

Mvua ya mawe ilitukuta dereva akiingia kuweka mafuta. Stesheni yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja chenye kona za mviringo, pampu mbili, na paa la zege lililobebwa na nguzo moja nene. Muda si muda kila aliyekuwa barabarani akawa chini yake: mataniboi wa malori, akina mama na magunia yao ya viazi, mzee mmoja na punda wake. Stima ikapotea. Mhudumu hakubabaika. Alifungua kijilango ubavuni mwa pampu, akachomeka mkono wa chuma, akaanza kuzungusha. Tarakimu zikapanda polepole, na harufu ya petroli ikachanganyika na ya udongo uliolowa.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa paa. Mawe yanapiga kote, lakini pale ukingoni hapadondoki hata tone. Mama naye aliliona hilo.

"Mzee, haya maji yanaenda wapi?"

Mhudumu akaigonga nguzo kwa ngumi, mkono wa pili ukiendelea kuzungusha. "Weka sikio hapa, mama."

Mama akainama, akanivuta nami. Zege lilikuwa baridi shavuni, na ndani yake maji yananguruma kama mto. Paa lilikuwa limeinamishwa kutoka pande zote kuelekea katikati, na bomba lililofichwa ndani ya nguzo likiyashusha maji hadi kwenye tangi nyuma ya chumba. Maji hayo hayo ndiyo tuliyotiliwa kwenye rejeta.

"Aliyejenga alijua watu watajikinga hapa," mhudumu akasema.

Baadaye stesheni hiyo ilibomolewa. Nilipopita palikuwa na changarawe tu. Asmara iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2017, na Fiat Tagliero ingali imesimama. Kwetu Kenya, sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa rasmi kuwa turathi, lakini sijui ni nani angeitetea stesheni ya pampu mbili, isiyo na jina la mchoraji wala kisa cha vita. Naamini ilistahili. Aliyeichora alimfikiria hata yule asiye na gari.

Picha ya stesheni yetu sina. Nilimpigia Mama usiku ule ule. Nguzo anaikumbuka, na mngurumo wa maji anaukumbuka. Ila rangi, yeye anasema ilikuwa kijani, mimi nashikilia ilikuwa nyekundu, na hakuna wa kutuamua.