Siku Mama alipomwona Mwadi Mabika

Mwaka 1996 Zaire ilipeleka timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya Atlanta. Walikuwa wamechukua ubingwa wa Afrika mwaka 1994, na sisi wasichana tuliokuwa tukicheza kwenye uwanja wa saruji wa parokia yetu, Lubumbashi, tuliwajua kwa majina. Marekani iliwafunga 107 kwa 47. Mechi zote walipoteza. Ndani ya timu ile alikuwamo binti wa Kinshasa aliyetimiza miaka 20 siku hizohizo, Mwadi Mabika. Upande wa Marekani alikuwapo Lisa Leslie. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, nchi yetu iliacha jina la Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Juni ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, WNBA, ikaanza, na mabinti hao wawili wakavaa jezi moja, ya Los Angeles Sparks.

Hayo nilikuwa nikimsimulia Mama ndani ya treni ya Blue Line tukitoka Long Beach kwenda Los Angeles, Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2002. Alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi kunilea baada ya uzazi. Mtoto tulimwachia baba yake. Mama hakuitaka safari ile hata kidogo, na nilijua sababu. Ndiye aliyenitoa kwenye timu nilipokuwa sekondari: kaptura, mazoezi ya jioni, maneno ya majirani. Alisema mpira haumlishi mtu, sembuse mwanamke. Nilitii, lakini iliniuma miaka mingi, na tiketi zile nilizinunua nikiwa na jambo la kumwonyesha.

Tulishuka kituo cha Pico tukatembea hadi Staples Center, ukumbi wa Sparks. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Watu walimpisha njiani kwa heshima, naye akaanza kulegea.

Sparks walikuwa wanatetea ubingwa wa 2001. Fainali ilikuwa ya mechi tatu, anayetangulia kushinda mbili ndiye bingwa, na Alhamisi walikuwa wameshinda ya kwanza kwa New York Liberty, kulekule New York, 71 kwa 63. Msimu ule Mabika aliingia kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima, pamoja na Leslie, Sheryl Swoopes, Tamika Catchings na Sue Bird. Fikiria majina hayo, halafu uweke pale kati jina la mtu asiyepita chuo chochote cha Marekani, aliyeufahamu mpira kwenye viwanja vya Kinshasa. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko pete za ubingwa, na bado naona halijasimuliwa vya kutosha kwetu.

Mtangazaji alipoita jina lake, Mama aligeuka. Yeye ni Muluba wa Kasai. Alikuwa na shangazi aitwaye Mwadi.

"Huyo ni mtoto wa nani?"

"Wa Kinshasa, Mama."

"Nimekuuliza wa nani, sijauliza wa wapi."

Sikuwa na jibu. Tangu hapo hakumwacha kwa macho. Wakati ule WNBA ilichezwa kwa vipindi viwili vya dakika 20, na kipindi cha kwanza chote Mama alikitumia kuniuliza maswali. Kwa nini mwamuzi amepiga filimbi? Kwa nini wanabadilishwa wakati hawajaumia? Nilimwonyesha jinsi Mabika alivyokuwa akikimbia bila mpira: anapita nyuma ya Leslie, mabeki wawili wanamfuata Leslie kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumzuia, kisha Mabika anatokea pembeni akiwa peke yake, mikono tayari. Akiupata pale anatupia kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Wengi walimwona Leslie tu. Mama, ambaye hakuwa akijua kitu, alimwona Mwadi.

Mapumzikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama wanalipwa. Nikamwambia wanalipwa, ingawa si kama wanaume, na kwamba wengi wao ligi ikiisha huenda kucheza Ulaya au kwingineko ili mwaka utimie. Akanyamaza. Kisha akauliza kama Mwadi huwatumia wazazi wake pesa. Nikamwambia sijui mambo ya nyumbani kwa watu. "Anatuma," akasema. "Mtoto anayekimbia namna ile anatuma."

Kipindi cha pili kilikuwa cha mateso. Liberty walikataa kufa. Dakika za mwisho ubao ulisoma 66 kwa 66. Nilikuwa nimesimama, sauti imekauka. Zikiwa zimebaki sekunde mbili na kitu, Nikki Teasley wa Sparks akatupia kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, mpira ukaingia. 69 kwa 66. Mama alinishika mkono kwa nguvu akapiga kigelegele kile cha harusi za kwetu, na watu wa safu ya mbele wakageuka wakamshangilia yeye.

Kesho yake baada ya misa tulinunua kadi ya simu tukapiga Lubumbashi. Mama aliipokonya simu nisiseme neno. Alimweleza Papa kwamba Mwadi wetu ameshinda kombe la Marekani. Teasley hakumtaja kabisa, nami sikumsahihisha. Nilimsikia Papa upande wa pili akiuliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, kama kweli hiyo ni kazi ya mwanamke mzima.

"Ni kazi," Mama akamjibu. "Nimekaa pale nimemwona akiifanya. Na huyu wako nilimkataza mimi, si wewe, kwa hiyo niache niseme."

Kisha kadi ikaisha.