Unga Ukiumuka, Bayolojia

Katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Tanga yuko mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye anajiandaa kwa mtihani wa maarifa ili hatimaye aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne. Siku moja aliniazima daftari lake la hesabu za biashara nimsaidie kukokotoa faida, na kwenye ukurasa wa mwisho nikakuta jedwali alilolichora kwa rula. Halikuwa na saa hata moja. Liliandikwa hivi: «Mchele ukilowekwa, Kiswahili. Unga ukiumuka, Bayolojia. Watoto wakilala, Hesabu.» Pembeni ya kila mstari palikuwa na alama za vema na za kosa, na safu ya Hesabu ilikuwa imejaa makosa, kisha ikakatwa na kuhamishiwa alfajiri. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba usiku akili yake huwa imekwisha, mwalimu, kwa hiyo ameipa Hesabu ule muda ambao angali mzima.

Mwanasaikolojia wa Marekani Barry Zimmerman ameeleza kujisimamia katika kujifunza kuwa ni mzunguko wa hatua tatu: mtu hupanga kabla ya kuanza, hujiangalia anapotenda, na akishamaliza hujitathmini ili arekebishe mpango unaofuata. Mama huyu, ambaye hakuna aliyemfundisha nadharia hiyo, alikuwa ameutekeleza mzunguko wote katika ukurasa mmoja wenye madoa ya mafuta.

Hata hivyo, mwenzake wa dawati alipoacha kuja kwa sababu ya kuuguza, na yeye akatoweka wiki tatu. Nakiri kwa masikitiko kwamba niliandika kwenye rejesta maneno ambayo sisi wawezeshaji huyaandika upesi mno: «hana nia». Mwenzake aliporudi, naye alirudi siku hiyohiyo, na jedwali lake likaendelea palepale lilipoishia. Nia ilikuwapo muda wote, kilichokosekana ni mtu wa kumwambia «jana hukufika, kulikoni?»

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama kwa jicho jingine jinsi nchi mbalimbali zilivyowasaidia watu wazima kusoma. Mwaka 1902, katika mji wa Lund nchini Uswidi, Oscar Olsson alianzisha duara la masomo, yaani kikundi kidogo cha watu wanaokutana kusoma vitabu na kuzungumza, bila mtihani na bila mwalimu wa kuwasimamia, na utaratibu huo umedumu huko hadi leo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilitumia redio na televisheni, lakini pia kilimpa mwanafunzi mkufunzi wa kusahihisha kazi zake na kumwandikia maoni, na naamini tarehe ya kuwasilisha kazi kwa mtu anayekujua jina huamsha watu wengi kuliko saa ya mezani.

Nasi hatukuwa nyuma. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa muda wa wiki 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma sura ya kijitabu, kikajadiliana kisha kikakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Walipokutana tena, kila mmoja alijua nani amechimba na nani hajachimba. Ni mzunguko uleule wa kupanga, kutenda na kutathmini, isipokuwa uliendeshwa na kikundi kizima, na wengi wa wanakisomo wale, ambao mitaani waliitwa ngumbaru, walikuwa wametoka shambani mchana huohuo. Miaka miwili baadaye, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa kwa msaada wa Uswidi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, ambako watu wazima husoma na kuishi pamoja.

Ndiyo maana hunichoma moyo ninapoona kozi za mtandaoni zikimkabidhi mtu mzima video arobaini na nywila, kisha akiishia njiani anaambiwa hana nidhamu binafsi. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kozi ya namna hiyo katika wiki ya nne, ingawa niliamka saa kumi usiku kila siku kwa ajili yake, na nikaja kuimaliza mwaka uliofuata baada ya kupata wenzangu wawili wa kukutana nao kila Jumamosi.

Muhula huu kila mwanafunzi wangu ana mwenzake, na wawili hao husainiana majedwali kila Ijumaa kabla ya kuondoka. Ramadhani imekaribia, na kwa kuwa wateja wa vitumbua watahamia jioni, mama yule inabidi aanze upya. Juzi nilimkuta na mwenzake wameinamia ukurasa mmoja, rula mkononi, wakibishana kama Bayolojia ikae kabla ya daku au baada yake.