Nilivyoshusha nitrati kwa kuongeza fosfati

Nafuga Tropheus duboisi, samaki wa Ziwa Tanganyika, wale ambao wakiwa wadogo huwa weusi wenye madoa meupe. Kwao ziwani hushinda wakichuna mwani kwenye mawe, na maji ya juu hayana rutuba nyingi. Ndani ya tangi wanabanana, wanalishwa kila siku, na nitrati, chumvi ya nitrojeni inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, haiachi kupanda. Kwa hiyo niliwafungia chujio la mwani, yaani mwani unaooteshwa makusudi ili unyonye virutubisho majini, mbinu ambayo Walter Adey wa Smithsonian, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1982.

Ni wavu mgumu wa plastiki, nimeukwaruza hadi ukaparuza ili mwani upate pa kushika. Pampu inamwaga maji juu yake, yanateremka pande zote mbili mbele ya taa nyekundu za LED. Taa hizo nawasha usiku, za tangi zikiwa zimezimwa, ili oksijeni na pH (kipimo cha uasidi wa maji) zisiporomoke. Mwani hupenda kula amonia, uchafu wa nitrojeni wanaoutoa samaki, kabla ya nitrati, na hilo nalithamini sana: maji ya samaki hawa yana pH ya juu, na pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu.

Rangi ya mwani inasema mengi. Mwanzoni ulikuja utando wa kahawia, kisha ute mweusi, dalili ya chakula tele kwenye maji. Baadaye nyuzi za kijani, ndizo ninazozitaka. Halafu zikaanza kupauka, zikawa njano, zikadumaa. Ungedhani maji yameisha virutubisho, lakini kipimo cha matone kilionyesha nitrati 40 mg kwa lita. Fosfati, chumvi yenye fosforasi, ndiyo haikuonekana kabisa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwani hauwezi kujenga mwili kwa nitrojeni peke yake. Fosforasi ikikosekana, nitrojeni yote iliyobaki inakaa tu majini. Kubadilisha maji kungeshusha nitrati kwa muda, lakini mwani ungebaki na njaa ileile. Nikaanza kutia fosfati ya potasiamu kidogo kidogo, nikipima kila mara, na kupunguza saa za taa, kwa sababu mwanga mkali juu ya mwani wenye njaa huuchosha. Nyuzi zikarudi kijani, nene, za kushikika mkononi, na nitrati ikaanza kushuka.

Kuvuna ni lazima, maana virutubisho vinatoka kwenye tangi pale tu mwani unapotolewa. Nakwangua upande mmoja, wiki inayofuata mwingine, ili chujio lisisimame. Kipande kidogo nawapa samaki, nao hukigombea kweli. Kingi naweka kwenye mchicha, kwa sababu nikiwarudishia chote, rutuba yote itarudi majini.